Hesabu, Fikira na Mfuko wa Mtu Mzima

Iko hukumu moja ambayo watu walioshiba huitoa kwa wepesi juu ya watu wenye madeni. Husema kuwa mdaiwa ni mvivu, au mpenda anasa, au mtu asiyejua thamani ya fedha. Hukumu hii husikika barazani, husikika katika nyumba za ibada, na husikika hata katika mikutano inayoitishwa ili kuwafundisha watu wazima matumizi mema ya mali. Insha hii imeandikwa kuipinga. Dai lake ni fupi. Mtu mzima aghalabu hashindwi na fedha kwa ulegevu wa mikono. Hushindwa kwa sababu hakufundishwa kuzifikiri namba, na wale waliokuwa na wajibu wa kumfundisha walimpa mahubiri mahali pa hesabu.

Tuitazame nchi ya Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Uvivu uko wapi huko? Wavuvi wa Mfangano, Mbita na Muhuru huingia ziwani usiku na taa zao kuvua omena. Wanawake huinunua omena hiyo alfajiri, huianika juani, na hukaa macho juu ya mawingu, maana mvua ya saa moja huweza kuharibu mtaji wa mwezi. Wakulima wa Awendo hupanda miwa ambayo hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Wakuria hulima mahindi na tumbaku. Katika Nyatike, ambako zamani palikuwa na mgodi mkubwa wa Macalder, watu huteremka mashimoni kutafuta chembe za dhahabu kwa nguvu za misuli yao. Watu wa namna hii wakiitwa wavivu, basi neno uvivu limepoteza maana.

Wala si kweli kwamba watu hawa hawajui kuhesabu. Mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua, hauchezwi na mtu asiyeweza kuona mbele hatua nyingi na kujua kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani. Lugha yao yenyewe imebeba hesabu ndani yake: moja ni achiel na sita ni auchiel, mbili ni ariyo na saba ni abiriyo; mwenye sikio husikia kuwa wazee walihesabu vidole vya mkono mmoja, wakafika tano, kisha wakaanza upya juu yake. Mchuuzi wa omena, hata asiyeweza kuandika jina lake, hukuambia papo hapo debo moja litatoa gorogoro ngapi, nauli ya gari itakula ngapi, na faida itabaki ngapi. Jambo hili si la Afrika peke yake. Katika mji wa Recife nchini Brazili, watafiti walitangaza mwaka 1985 habari za watoto waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Sokoni watoto hao walipata hesabu 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu hizo hizo kwa karatasi, bila maembe wala nazi mbele yao, hawakufikisha hata 40.

Basi, kama kuhesabu wanajua, kasoro iko wapi? Kasoro iko katika vitu viwili visivyoonekana kwa macho. Cha kwanza ni asilimia. Cha pili ni wakati. Omena huonekana, debo hushikika, na noti huhesabika kwa vidole. Lakini hakuna mtu aliyepata kuiona asilimia sokoni imetandazwa juu ya mkeka. Asilimia huzaliwa katika fikira na huishi katika fikira. Wakati nao ni kivuli: shilingi mia ya leo na shilingi mia ya baada ya mwaka huitwa jina moja, walakini si kitu kimoja. Mtu aliyezoea kuhesabu vitu vinavyoonekana, akiletewa ghafla biashara ya vitu visivyoonekana, huwa kama mvuvi hodari wa ziwani aliyeambiwa avue hewani.

Na biashara hiyo ameletewa kweli. Huduma ya kutuma fedha kwa simu, M-Pesa, ilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka 2006, watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 tu ya watu wazima wote. Uchunguzi wa mwaka 2024 ulikuta wamefika asilimia 84.8. Ongezeko hili ni zaidi ya mara tatu, na latangazwa kwa vigelegele. Sitaki kulidharau. Zamani mjane wa Ndhiwa aliyetumiwa fedha na mwanawe kutoka Nairobi alizingoja mpaka apatikane msafiri mwaminifu. Leo huzipokea kabla maji ya ugali hayajachemka. Lakini nauliza swali ambalo vigelegele hulifunika: mlango umepanuliwa mara tatu, je, elimu ya waingiao imepanuliwa mara ngapi? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka huo huo wa 2006 ulionyesha kuwa watu wazima 38 na nusu katika kila 100 nchini Kenya walikuwa hawajui kusoma na kuandika kwa kiasi cha kutosha. Watu wa namna hiyo hawakungojwa wasome kwanza. Fedha iliwafuata mifukoni mwao, na deni likaifuata fedha.

Mwaka 2012 ulianza mkopo wa simu uitwao M-Shwari. Ulipoanza, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Nautaja kwa kuwa habari zake ni za wazi, wala haikuwa siri. Tufanye hesabu pamoja. Mtu akikopa shilingi 2,000, hurudisha 2,150. Shilingi 150 ni kitu gani? Ni bei ya soda chache. Lakini mchuuzi ambaye mtaji wake ni mkopo, akilipa leo na kukopa tena kesho mwaka mzima, hutoa shilingi 150 mara kumi na mbili, yaani 1,800, kwa kuazima shilingi 2,000 zile zile. Sasa ni asilimia 90 kwa mwaka. Na kama deni lingeachwa likue kwa kiwango hicho, ada juu ya ada, miezi kumi na miwili ingelifikisha zaidi ya shilingi 4,700. Jambo jingine lastahili kutazamwa. Tangu mwaka 2016 mpaka 2019 sheria ya Kenya ilizuia riba ya mabenki isipite asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Lakini malipo ya mkopo wa simu hayakuitwa riba, yaliitwa ada. Jina lilibadilika, kazi haikubadilika. Anayejua hesabu hulipima neno kwa uzito wake. Asiyejua hulipima kwa sauti yake.

Hapa ndipo wahubiri wa fedha huingia na dawa yao. Hukusanya watu chini ya mti, wakawaambia wawe na bajeti, waweke akiba, wakae mbali na madeni, wajiunge na vyama. Maneno haya yote ni mema, na yote ni mepesi. Ni sawa na kumwambia mgonjwa awe mzima. Mtu hawezi kukaa mbali na deni baya kama hawezi kulitofautisha na deni jema, na hawezi kulitofautisha bila ya kupiga hesabu.

Chukua mfano wa chama, au nyoluoro kama kiitwavyo kwa Kijaluo, ambacho wanachama wake hukopeshana kutoka katika kikapu chao. Aghalabu hutozana shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi. Mhubiri husema chama ni bora. Mwenye haraka ya namba husema simu ni bora, kwa sababu 7.5 ni ndogo kuliko 10. Nani mkweli? Wote wawili wamesema kabla ya kufikiri. Swali la kwanza la mwenye fikira ni hili: riba inakwenda wapi? Riba ya chama hubaki kikapuni na hugawanywa mwisho wa mwaka. Tuseme wanachama ni 20, nao hugawana sawasawa. Kama wote wamekopa kiasi kimoja kwa muda mmoja, kila senti iliyotolewa imemrudia mwenyewe, na mkopo wao umekuwa wa bure. Lakini kama mwanachama mmoja amekuwa akikopa shilingi 2,000 peke yake kila mwezi, atakuwa ametoa riba ya shilingi 2,400, na katika hiyo atarudishiwa sehemu moja ya ishirini, yaani 120. Zilizobaki, 2,280, amewagawia wenzake kumi na tisa, na kwake chama kimekuwa ghali kuliko simu. Kikapu kimoja, asilimia moja, sheria moja. Lakini kimemnufaisha huyu na kimemkamua yule. Hakuna mahubiri yanayoweza kuonyesha jambo hili. Hesabu huweza, ikiongozwa na fikira.

Nimetaja hesabu na fikira kana kwamba ni vitu viwili, na kwa kweli ni viwili. Msomaji ajipime kwa kitendawili hiki. Jembe pamoja na mpini wake huuzwa shilingi 1,100. Bei ya jembe yazidi bei ya mpini kwa shilingi 1,000. Je, mpini ni shilingi ngapi? Jibu linalorukia ulimini ni 100. Jibu hilo ni la uongo. Mpini ukiwa 100, jembe litakuwa 1,100, na jumla itapita bei tuliyopewa. Mpini ni shilingi 50 na jembe ni 1,050. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Shane Frederick, alitangaza mwaka 2005 matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 3,000, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, maswali matatu ya namna hii. Theluthi moja hawakupata hata moja. Watu hao walijua kujumlisha na kutoa. Walichokosa ni ile subira ndogo ya kulitilia shaka jibu la kwanza.

Kwa hiyo wale wasemao, "Mbona hata wasomi wana madeni?" hawajaivunja hoja yangu; wameitia nguvu. Mwalimu mwenye shahada akopaye kwa mkopeshaji mmoja ili amlipe mwingine amefundishwa kanuni za hesabu, akazikariri, akapita mtihani, kisha akaziacha katika chumba cha mtihani. Mwaka 2004 huko Marekani, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell waliwauliza watu waliopita umri wa miaka 50 maswali matatu mepesi: moja juu ya riba, moja juu ya kupanda kwa bei, na moja juu ya hatari ya kuweka mali yote mahali pamoja. Waliojibu yote sawa walikuwa kama theluthi moja tu. Nchi tajiri, yenye shule tele na benki kila pembe, haikuokoka. Utajiri wa nchi hauwi akili ya mtu mpaka mtu mwenyewe afundishwe.

Hatari kubwa zaidi ya kukosa fikira huonekana pale inapokuja biashara ya uongo. Miaka ya 2006 na 2007 Kenya ilijaa michezo ya upatu wa hila, ambamo mtu alitoa fedha akaahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi akileta wengine. Kamati iliyoundwa na serikali baadaye ilitaja watu zaidi ya 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Je, ilihitajiwa elimu kubwa ili kuigundua hila hiyo? Ilihitajiwa kuzidisha kwa tano. Mtu mmoja alete watu watano. Kila mmoja wao alete watano. Na kuendelea vivyo hivyo. Hatua ya pili ni watu 25, ya tatu 125, ya nne 625. Hatua ya tisa yataka watu wapya 1,953,125, na jumla ya wote tangu yule wa kwanza ni 2,441,406. Sasa fungua kitabu cha hesabu ya watu ya mwaka 2019. Migori ilikuwa na watu 1,116,436, na Homa Bay watu 1,131,950. Jumla yao ni 2,248,386, pamoja na vikongwe vitandani na watoto wachanga migongoni. Hatua ya tisa haijatimia, na watu wa kaunti zote mbili wamekwisha! Wa mwisho kuingia watamleta nani? Hawana wa kumleta; na kwa kuwa wa mwisho siku zote ni wengi kuliko wa kwanza, walio wengi lazima walie. Hii ni kazi ya penseli na dakika tano.

Wengine hudhani kuwa kinga ya hila ni kushuku kila kitu. Kushuku si kufikiri. Mwaka 2015 shirika liitwalo GiveDirectly lilifika Homa Bay kuwapa watu maskini fedha za bure. Karibu nusu ya kaya zilizoendewa zilikataa, nyingi kwa uvumi kuwa fedha hizo zilikuwa na mambo ya giza nyuma yake. Siwacheki, maskini aliyekwisha kudanganywa mara nyingi ana haki ya kuogopa. Lakini tazama maafa ya kukosa mizani: taifa moja lina watu walioupokea uongo kwa mikono miwili na watu walioisukuma zawadi ya kweli. Shaka isiyo na hesabu ni mlinzi kipofu. Humfungia mgeni mlango na humfungulia mwizi.

Nimfikie sasa mpinzani ambaye hoja yake ni nzito kuliko zote. Yeye husema, "Tatizo la watu hawa ni umaskini. Mama ambaye mtoto wake ana homa usiku wa manane hakopi kwa kukosa hesabu. Hukopa kwa kukosa fedha. Mfundishe asilimia mpaka kuche, mtoto bado ataumwa." Nakiri kuwa maneno haya ni kweli. Hesabu haileti mvua, haipandishi bei ya miwa, wala haijazi wavu. Atakayewaahidi maskini kwamba watatajirika kwa kujifunza asilimia ni mwongo mwingine wa kuongeza katika orodha. Lakini hoja hii ikipelekwa mbali huwa dharau iliyovaa vazi la huruma. Ni maskini ambaye kosa la shilingi 150 humwumiza; tajiri halihisi. Asiye na nafasi ya kukosea ndiye mwenye haja kubwa ya kujua. Na mama yule, homa ikiisha kupoa, atakopa tena kwa ajili ya mbegu, kwa ajili ya karo, kwa ajili ya omena. Na katika mikopo hiyo ana muda wa kupima.

Tena hesabu si ngao tu. Ni sauti pia. Mkulima awezaye kuisoma karatasi ya malipo ya miwa yake huweza kuuliza gharama ya mbolea, ya kukata na ya kuchukua mzigo zimepatikanaje, na riba imehesabiwa tangu lini. Mchimbaji ajuaye sehemu za gramu huweza kuikataa mizani isemayo uongo. Mwanachama ajuaye kusoma daftari huweza kumsimamisha mweka hazina mbele ya mkutano. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kuwa daftari bila msomaji ni kama halipo. Mwaka 2021 Kenya ilitunga sheria iliyowaweka wakopeshaji wa simu chini ya leseni ya Benki Kuu. Ni sheria njema. Lakini sheria humlinda kwanza yule ajuaye kuwa amedhulumiwa, na kudhulumiwa kwa asilimia hakujulikani bila ya hesabu.

Basi kifanyike nini? Mfano haupo mbali. Uko ng'ambo ya mpaka wa Migori. Kati ya mwaka 1968 na 1972, katika mikoa ya Ziwa ya Tanzania, kituo chake kikiwa Mwanza, serikali pamoja na UNESCO walifundisha watu wazima kusoma na kuhesabu kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba kwa mkulima wa pamba, samaki kwa mvuvi, ndizi kwa mkulima wa ndizi. Hawakumwambia mtu mzima arudi utotoni ili ajifunze. Madarasa ya watu wazima ya Kenya, ambayo watu huyaita gumbaru, yanastahili njia hiyo: debo na gorogoro ziwe vitabu vya kwanza, karatasi ya miwa kitabu cha pili, na maneno ya mkopo yaliyomo katika simu ya mwanafunzi yawe kitabu cha tatu. Wakopeshaji nao walazimishwe kuandika bei ya mkopo kwa shilingi na kwa mwaka, kwa lugha ambayo mkopaji huiota usiku.

Na shule je? Mwaka 2025 palitokea kelele nchini Kenya, kwa sababu katika mpango mpya wa sekondari ya juu Hesabu ilikuwa imefanywa somo la hiari. Wizara ya Elimu ilisikiliza, ikarudisha hesabu kwa kila mwanafunzi. Ilifanya vema. Lakini ushindi huo ni nusu. Kama hesabu iliyorudishwa ni ile ya kukariri kanuni usiku na kuzisahau baada ya mtihani, tutapata watu wazima wengi wenye vyeti na wachache wenye mizani.

Kijana msomaji, wewe umo katika jambo hili kuliko unavyodhani. Mzazi wako alikununulia kalamu kwa fedha ambayo pengine ilikuwa na riba. Siku za likizo, kwa adabu impasayo mzazi, mwombe mkae pamoja na karatasi za chama, za miwa au za mkopo. Usimfundishe kama mtoto, maana yeye anajua bei za dunia kuliko wewe. Yeye alete bei, wewe ulete asilimia. Ulizaneni maswali manne: tunapokea ngapi, tutarudisha ngapi, kwa siku ngapi, na tofauti inakwenda kwa nani? Jibu la kwanza likija upesi mno, lipimeni tena. Penseli moja, ukurasa mmoja na dakika chache zatosha kuianza kazi hiyo, wala haihitaji kungoja serikali.